Neno la Mwisho la Mkalimani Tuliyemwita Lipi

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, na kwa idhini ya mjane, ambaye ameipitia karatasi hii mara mbili na kukataa ufutwe hata mstari mmoja, nawasomea maisha ya kaka yetu, mkalimani tuliyemwita Lipi, kwa kuwa kila ukimtajia neno yeye alikuuliza lipi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa pili wa mwashi na mkunga, akasoma shule ya msingi jirani na nyumbani, akahitimu Kijerumani na Kiingereza chuoni mwaka 1981, na Februari iliyofuata akaajiriwa na kiwanda cha mitambo ya uchapaji, kuwakalimania mafundi wageni na kutafsiri maelekezo ya mashine, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu Desemba 2018.

Tarehe 4 Agosti 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa binti ambaye ni fundi umeme na kijana ambaye ni mwalimu, wakaishi kwa raha zao, hadi Jumapili moja ya mwaka 2009 simu ilipolia marehemu akiosha vyombo, akaiweka kwenye spika, na fundi mkuu wa kiwandani, mama wa Kijerumani, akasema kwa Kiingereza kwamba jana alimmiss.

Cherehani ilinyamaza. Marehemu, mikono imejaa povu, alieleza kwamba neno hilo moja, miss, kwa Kijerumani ni matatu, gari likikuacha ni verpassen, jiwe likipita kando ya shabaha ni verfehlen, moyo ukimlilia mtu ni vermissen, na kwamba fundi mkuu alimaanisha lile la kwanza, alipita ofisini akamkosa, basi. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, Mjerumani mwenye maneno matatu yaliyo wazi, kwa nini akaazime kwa Mwingereza lile moja linaloficha yote? Mtaalamu wetu wa lugha akarudia sufuria zake. Tangu siku hiyo shemeji, ambaye hakuwa na haja na Kijerumani, aliyakariri yale matatu kama mtu anayekariri namba ya gari lililomgonga, kwani lisemwalo lipo.

Aprili 2023 marehemu alipata kiharusi, Kiswahili na Kiingereza vikampotea, kikabaki Kijerumani vipande vipande, na asubuhi ya tarehe 11 Juni, shemeji alipokwenda nyumbani kubadili nguo, akafariki. Muuguzi alisema mgonjwa alirudia neno moja tu, vermisse, vermisse, akadhani anaomba dawa. Shemeji alilitambua, ni lile la tatu, ila hajui lilikuwa la nani, na hilo linamuuma, kwa sababu alimpenda mumewe na bado anampenda.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi yule kwa masikio yake, majirani waliopika na kufagia, na wafanyakazi wenzake wote, akiwemo fundi mkuu, aliyefika kabla ya ndugu na kulia kuliko ndugu, tumeona.

Mjane ameagiza tumalizie kwa maneno yake mwenyewe: pumzika kwa amani, baba watoto, na huko uendako ukiulizwa ulimlilia nani, usijibu kwa neno, taja jina.