Gunga Randu, Aliyejitaja Mbele ya Ghala

Mchungaji, wazee wetu, ndugu wa kando ya mto na ndugu wa malishoni, familia inawashukuru kwa kusimama nasi juani, na sasa inawasomea maisha ya mpendwa wetu kama yalivyokuwa.

Marehemu Gunga Randu alizaliwa mwaka 1951 huko Marafa, mtoto wa tatu wa mzee Randu na mama Sidi, na mwaka 1964 njaa ilipowaondoa huko wazazi wake walihamia karibu na Garsen, wakafyeka msitu, wakapanda. Alisoma hadi darasa la nne, akaacha shule mwaka 1968 baba yake alipofariki, kwa kuwa wadogo zake walikuwa wanataka kula.

Mwaka 1973 aliajiriwa katika shamba la mpunga la Bwana Uledi, akalima, akavuna, akalinda ndege, hadi akaaminiwa kushika ufunguo wa ghala, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemtaja kwa ubaya. Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Jumwa Mwaringa, wakajaliwa watoto wanne, Randu, Pekeshe, Linda, na kitinda mimba wao Karisa, ambaye ametangulia.

Novemba 1997 mto ulivunja kingo, ukameza mashamba na nyumba, watu wakajibanza kwenye mwinuko lilikojengwa ghala, na vibarua wakaambiwa kwamba pasipo kazi hapana posho, ingawa ghala lilikuwa kavu na limejaa. Kufikia Januari Karisa alikuwa amevimba miguu na nywele zimekuwa nyekundu, hana tena nguvu ya kulia.

Wapo waliotuomba turuke mwezi huo, lakini Jumwa amekataa, amesema, “Someni yote, mkiruka hapo kuna mtu atabaki na jina la wizi lisilo lake.”

Basi Jumanne tarehe 13 Januari 1998 marehemu alifungua ghala, akachota mpunga nusu gunia, akaupeleka nyumbani, Jumwa akatwanga, watoto wakala. Alhamisi yake upungufu uligunduliwa, na kwa kuwa Diba Jarso, mfugaji wa Kiorma, alikuwa amepandisha ng'ombe wake waliosalia kwenye mwinuko uleule, hakuna aliyeuliza mara mbili, akakamatwa, akafungwa kamba kwenye nguzo ya ghala, akachapwa, na vibarua wote wakaitwa watazame.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Diba alikuwa akisema, “Mimi nafunga, hata mate simezi, mpunga yenu nitakula saa ngapi?” lakini fimbo hazikukoma, na palikuwa na vijana waliokwisha kushika mapanga, wakisema waende kwenye boma la Waorma. Marehemu alikuwa amesimama nyuma, Jumwa amemshika shati, akimnong'oneza, “Nyamaza, baba Randu, ukisema hawa watoto nitawaacha na nani?” na alimwambia mkewe baadaye kwamba maneno yale ndiyo yaliyomuuma kuliko pingu. Akautoa mkono wa mkewe taratibu, akapita katikati ya watu, akasema, “Mfungueni. Mpunga nimechukua mimi, na ufunguo huu hapa.”

Alihukumiwa kifungo cha miezi tisa. Karisa alifariki tarehe 9 Februari, akazikwa baba yake akiwa gerezani, na marehemu alipofunguliwa mwezi Oktoba alipita kwanza kaburini, akakaa hapo hadi jua likapinda, ndipo akaja nyumbani. Alirudi amekonda, anakohoa, na kila shamba alilokwenda kuomba kazi aliambiwa arudi wiki ijayo.

Januari mwaka huu alianza kutema damu, Diba akaja na mkokoteni wa punda, akampeleka hospitali ya Ngao, ikaonekana ni kifua kikuu kilichokwisha kula mapafu, na pamoja na jitihada zote akafariki Ijumaa tarehe 12 Machi 1999, Jumwa akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ngao, majirani mliochimba kaburi hili, akina mama wa boma la Diba mlioleta maziwa kila asubuhi bila kuombwa, na wenzake wa shambani ambao mmekuja mkijua Bwana Uledi atawauliza leo mlikuwa wapi.

Jana lililetwa gunia la mchele kutoka kwa Bwana Uledi, la kulisha wafiwa. Jumwa ameomba lirudishwe, kwa hiyo chakula cha leo ni uji, na ni mchache, mtuwie radhi, waanze watoto.

Baba Randu, umechoka, pumzika sasa kwa amani.