Dhahabu ya Apolonija, Mistari ya Kazimiera

Karibuni tukae pamoja, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Apolonija wa kijiji cha Gudalaukis. Apolonija, mkata mapambo ya Bikira Maria. Aliyakata kwa mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo, kutoka kwenye mabaki ya karatasi za ukutani. Na tuseme kweli, mwenyewe hatakasirika: alikuwa na wivu. Wivu wa kumnyima usingizi.

Wivu huo ulikuwa kwa Kazimiera, jirani yake. Kila Mei, kijiji kikikusanyika kwenye msalaba wa njiapanda kuimba Litania, mapambo ya Kazimiera ndiyo yaliyoizunguka sanamu ya Bikira Maria. Mkwewe wa mjini Kaunas alimletea mabaki yenye mawaridi ya dhahabu. Apolonija alikuwa na mistari ya kahawia tu, iliyobaki walipobandika jikoni. Aliitikia “utuombee” huku jicho liko kwenye mawaridi. Roho ilimuuma, jamani!

Mwaka mmoja mumewe, Pranas, akabandika karatasi za dhahabu chumbani. Hakikubaki hata kipande. Pranas akaenda kupasua kuni. Kurudi, ukuta wa kitandani mtupu.

“Poli, ukuta wetu uko wapi?”

“Kwa Bikira Maria. Wewe unalala umefumba macho, ukuta wa nini?”

Jioni ile yakatundikwa mapambo ya Apolonija. Ya Apolonija! Kazimiera alibana midomo, Apolonija akaimba kuwashinda wote. Lakini karatasi zilizobanduliwa ukutani huoshwa kwa nyuma, na kwa haraka ya wivu hakuziosha. Gundi ya unga ilikuwa bado imegandia nyuma yake. Asubuhi panya walikuwa wamekula yote, wamebakiza misumari.

Kazimiera akaja mpaka uzioni. “Shoga, hongera! Hata panya wamesema pambo lako tamu.”

Hawakusemezana mpaka mavuno ya viazi.

Apolonija ametutoka Jumanne. Binti yake, Danguolė, anasema mama aliacha mapambo ya mazishi yake tayari, ya dhahabu. “Aliniambia, Kazimiera asiguse hata mshumaa wangu.”

Lakini sandukuni mlikuwa na mengine, ya mistari ya kahawia. Mabaki yalikwisha zamani. Mistari hiyo aliibandua kwenye ukuta wa jikoni kwake. “Hayo ni ya Kazimiera, siku yake ikifika,” mama alisema. “Macho yake hayamwezeshi tena kukata, na hawa vijana watamwekea maua ya plastiki.”

Kazimiera alikabidhiwa pale pale, mbele ya jeneza. Akayasogeza karibu na pua.

“Mistari ya jikoni! Yeye kajikatia dhahabu, mimi kanipa jikoni! Mwanamke huyu!”

Kisha akayageuza, akapitisha kidole kwa nyuma, taratibu, mpaka pembeni.

“Ameyaosha,” akasema. Hapo ndipo alipolia.

Danguolė na ukoo wote, poleni sana. Mungu amlaze Apolonija pema. Nasi, wasikilizaji wapendwa, tujiulize usiku wa leo: yule tunayemwonea wivu, tumemwekea nini sandukuni?