Mkanda wa Nyuma

Treni ilipoiacha Ifakara, Aurelia alitega sikio. Mbele yake Mayunga, mfugaji wa kijiji cha Mbingu, alikuwa akimweleza fundi gari aliyekutana naye humo humo kwamba anataka gari lililotumika la difu mbili, lisilokwama kwenye tope, la kuwawahisha wanawe saba hospitali wakati wa masika.

“Namba ya gari isikudanganye, mzee wangu,” fundi alisema. “Mwaka liliotengenezwa umeandikwa kwenye lebo ya mkanda wa kiti. La themanini na sita kwenda juu, chukua.”

“Nimeshasoma kwenye hilo nililoonyeshwa. Mkanda wa dereva themanini na nane, wa nyuma sabini na tisa.”

Fundi akakuna kichwa. Aurelia, asiye na hata baiskeli, alishaamua kuuamini mkanda wa dereva.

Treni ikafunga breki Mbingu. Mayunga akageuka mlangoni.

“Kwa hiyo mimi nipande jipya, wanangu wapande kuukuu?”