Mkeka Ulionukia Kafuri

Ndugu zangu, mama zangu, na nyinyi wazee wa msikitini mliokuja kukaa pamoja na sisi wa kanisani: mnaniona nimekaa. Kiti chenyewe cha kuazima, kina mto wa kitambaa wa mwenye nyumba, na sina wasiwasi hata kidogo. Mtasema, kukaa nayo ni kazi gani? Ngojeni. Nitawaeleza kukaa kulivyonishinda, na jinsi nyinyi wenyewe, chama chetu cha kuzikana, mlivyokuja kunizika nikiwa nakunywa chai.

Wote mnanijua. Karani wa Leta, ofisi ya serikali, nilisoma kwa mapadri kule Kasongo mpaka shule ya makarani, nikatoka na Kifaransa cha kuandika na miguu ya kukaa nyumbani. Safari sipendi. Mke wangu husema kwamba mimi nikifika nyuma ya jiko tayari naanza kuulizia habari za nyumbani. Kwa hiyo nilipoanza kujificha, hakuna aliyegundua. Mtu mwingine akikosekana sokoni, watu wanauliza. Mimi nikikosekana wanasema, "Iko kwake," wanaendelea kuchagua samaki.

Ugonjwa wenyewe nitautaja bila kuuvalisha koti. Mkojo uliacha kunisikiliza. Zamani ulikuwa unapiga hodi, nami najibu, "Ngoja kidogo," nao unangoja. Baadaye ukawa unaingia tu. Nikicheka, umeshuka. Nikikohoa, umeshuka. Bwana Mkubwa akiingia ofisini, makarani wote wanasimama wima mikono pembeni. Mimi nasimama na rundo la karatasi tumboni, na siliweki chini mpaka atoke. Bwana Mkubwa akanisifu kwamba mimi ni mtu wa kazi.

Nikaenda dispansari. Muganga akanipima, akasema ni mambo ya umri na ya maradhi niliyougua zamani. Hayaui, ila dawa ya kuyamaliza hana. Halafu akaniambia jina la ugonjwa kwa Kifaransa. Jina refu, zuri, ungeweza kumbatizia mtoto. Nililibeba mpaka nyumbani nikijivuna. Mke wangu akalisikiliza lote, akaniuliza, "Na hilo jina linakausha suruali?"

Halikukausha.

Sasa sikilizeni palipouma. Binti yetu wa mwisho alikuwa amechumbiwa kule Wamaza. Kwa wale wakwe, baba wa binti anakalishwa juu ya mkeka mpya mbele ya watu wote, maneno yanaanza asubuhi, naye hainuki mpaka maneno yaishe. Akiinuka katikati, maana yake amekataa ndoa. Na mimi, ndugu zangu, kuinuka ndiyo ilikuwa kazi yangu! Mkeka mpya, na mimi juu yake? Nikatuma watu waseme nina homa. Tukapanga upya, nikatuma waseme goti limevimba. Tukapanga tena, nikasingizia kazi ya Leta. Watu wa Wamaza wakaanza kusema, "Huyu karani anatuzarau." Na binti yangu akanijia barazani, hakulia, akasema tu: "Baba, kama hutaki niolewe, sema kwa mudomo wako. Usilitume goti."

Neno lile lilinichoma. Na bado nikanyamaza.

Aliyesema ni mke wangu. Alikwenda Kasongo kumsalimia yaya yangu, dada yangu mkubwa, ambaye ni mshonaji na ameolewa na mfanyabiashara Mwislamu. Akamnong'oneza sikioni. Yaya hakucheka. (Alianza baadaye, na mpaka leo hajamaliza.) Alichukua pamba, hii hii Leta inayotulimisha kwa nguvu, nawaambia hatimaye na mimi nimepata faida yake, akaichambua, akaitandaza katikati ya vitambaa laini vya merikani, akashona tabaka juu ya tabaka, akaweka kamba za kufungia kiunoni. Tuseme wazi: nguo za mtoto mchanga, ila mtoto mwenyewe ana mvi.

Ikabaki kuzituma bila mtu kujua. Yaya akawaza. Kamio, lori linalokuja huku, inabeba kila mzigo na kila mdomo. Akitia ndani ya kikapu, watachungulia. Akifunga kwa karatasi, mvua itapasua. Basi akazikunja vizuri, akazizungushia merikani nyeupe mpya, akaviringisha ndani ya mkeka mpya, akaushona huku na huku. Na kwa sababu kamio inabeba samaki wakavu, akatia na kafuri ya mume wake ili nguo zangu zisinuke samaki. Shofere akauliza, "Mama, humu muko nini?"

Yaya ni mtu wa adabu. Akajibu, "Ni vitu vya kumusitiri mudogo wangu kule Kabambare."

Ndugu zangu, rudieni nami polepole. Pamba. Merikani nyeupe. Kafuri. Mkeka mpya. Kumsitiri. Wazee wa msikitini wameshaanza kutikisika mabega. Nyinyi wa kanisani, waulizeni jirani zenu maiti anaoshwa na kuvikwa kwa vitu gani, na kumzika mtu kwa heshima wanakuita nini.

Shofere alivua kofia yake. Alikataza mtu yeyote kuukalia ule mkeka. Hakupiga honi njia nzima, na mama mmoja aliyebeba kuku aliambiwa awanyamazishe. Waliposimama Lusangi kupoza mashine, habari ikashuka kwenye kamio ikatangulia kwa miguu, ikafika hapa, ikafika mpaka Wamaza: karani amejiagizia sanda.

Mimi niko barazani na kikombe changu. Naona kamio inakuja polepole kama inaogopa kuamsha mtu. Wanaume wanauteremsha mkeka, wanaubeba mabegani. Nyuma yao chama kizima, na akina mama mmeshajifunga vitambaa viunoni. Mzee wetu wa msikitini akanishika mkono.

"Karani, Mungu akuongezee nguvu. Mutu anayejitayarisha mwenyewe ni mutu wa imani."

"Kujitayarisha kwenda wapi, mzee?"

"Usifiche, ndugu yangu. Sasa tumejua juu ya nini hutoki nyumbani."

Katekista wetu akanusa. "Lakini hii ni kafuri. Mukristo na kafuri?"

"Pengine amesilimu," mzee akasema.

"Amesilimu bila kuniambia? Mutu nimemufundisha katekisimu mimi mwenyewe?"

"Sasa angekuambia wewe ili iweje?"

Wakaanza kugombania maiti, na maiti inapuliza chai. Hapo akatokea mkwe, baba wa kijana, amekuja kutoka Wamaza na kuku kwapani, jasho na machozi pamoja. "Mukwe wangu, nilisema unatuzarau, kumbe unakufa! Unisamehe."

Niwaambie kweli? Nilifikiri kunyamaza. Ulikuwa uongo mzuri, umeletwa mpaka mlangoni. Mtu anayekufa hadaiwi kukaa juu ya mkeka wa wakwe. Ningesamehewa na wote, kisha ningepona taratibu.

Ndipo binti yangu akatoka ndani. Akauona ule mkeka. Akaanguka miguuni pangu, safari hii analia. "Baba, na mimi nilikusema juu ya goti. Ulikuwa unaumia hivi, na mimi nilikusema."

Nikaweka kikombe chini. "Mama watoto," nikasema, "lete kisu."

Nikakata nyuzi za yaya mimi mwenyewe. Nikafunua mkeka, nikafunua merikani, nikashika nguo moja juu, kamba zikaning'inia. Mzee wa msikitini akainama akaiangalia sana.

"Sanda hii," akasema, "iko na kamba za kiuno."

"Si sanda, mzee. Ni nguo yangu. Najikojolea. Yaya amenishonea nipate kukaa na watu."

Kuku wa mkwe peke yake ndiye aliyesema neno. Kisha mkwe akanyoosha mkono, akaichukua ile nguo, akaibonyeza pamba kwa kidole gumba, akaninong'oneza kwa sauti iliyofika mpaka barabarani: "Huyu mushonaji anapokea kazi ingine?"

"Ya nani?"

"Ya rafiki yangu."

"Na rafiki yako kiuno chake iko namna gani?"

Ndugu zangu, alijipima mwenyewe! Hapo ndipo mlipoangua kicheko. Na mama mmoja kule nyuma, simtaji, yuko hapa, akapaza sauti: "Nyinyi wanaume mumeanza jana! Sisi tangu uzazi tunajua, mulifikiri tunacheka na mukono mudomoni juu ya aibu ya meno?" Nilicheka mpaka ikashuka, na kwa mara ya kwanza sikukimbia. Binti yangu alikuwa amenishika mguu anacheka, machozi hayajakauka. Kuku tulimpika siku ile ile, na ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, mkala matanga yangu na mimi nikiwa na nyinyi kwenye sahani.

Wamaza nilikwenda. Nilikaa juu ya mkeka mpya tangu asubuhi mpaka maneno yakaisha, sikuinuka. Mkwe naye mbele yangu hakuinuka. Watu wakasema, "Wazee hawa wana adabu, wanakaa kama mawe." Tukaangaliana. Mke wangu akakohoa. Binti akaolewa.

Leo mizigo ya yaya inakuja na kila kamio, na si yangu peke yangu. Kafuri ameacha. Anafunga ndani ya gunia, na shofere akiulizwa anajibu ni mchele. Anayetaka siri anaipata. Juzi tu mama mmoja alishika gunia anataka apimiwe, ikabidi shofere aape kwamba huu mchele umekwisha kununuliwa.

Basi, asante mke wangu, kwa kusema nilipofunga mdomo. Asante yaya, kwa mikono yako na kwa neno lako moja lililoniletea chama kizima mlangoni. Asante shofere, ulinibeba kwa heshima. Asante mzee na katekista, mlionipigania. Siku yenyewe ikifika, elewaneni kwanza. Na asante binti yangu.

Ninachowaombeni ni hiki. Chama chetu kinajua kumsitiri mtu akishakufa, hakuna kinachokishinda. Lakini miongoni mwetu hapa yuko anayekaa ukutani kama mimi, homa leo, goti kesho. Tusingoje kafuri. Mpigieni hodi, mkae naye, na kama ana la kusema, msicheke mpaka yeye acheke.

Ule mkeka ninao. Mke wangu ameutandika barazani, ndio tunaowakalishia wageni. Siku moja mtaniviringisha humo kweli. Ila kabla ya kuanza kulia, niangalieni mkononi: kama nina kikombe, karibuni chai.