Printa Ndani ya Kitenge

Katika Hiace ya kutoka Mpitimbi kwenda Songea mjini, Paskalina, karani wa parokia yetu, alikuwa ameketi kando yangu, amepakata printa iliyofungwa kitenge kama mtoto wa kliniki. Bwana mmoja mwenye tai, afisa wa mjini, akamuuliza inaumwa nini.

"Fundi alituwekea kwenye kompyuta programu mpya ya kuvukia mwaka elfu mbili, isije ikachanganya tarehe. Tangu hapo printa imegoma, na Jumapili askofu anakuja. Vyeti vya kipaimara havijachapwa."

"Na kompyuta iko wapi?"

"Nimeiacha, kaka. Yenyewe ni nzima, nimeifunika kwa kitambaa cha kufuma."

Bwana alicheka kile kicheko cha watu wa semina. "Dada, mmebadilisha kichwa, halafu unapeleka mguu hospitali! Kwa fundi itachapa, ukirudi nayo nyumbani ni bubu vilevile. Ndiyo maana hatuendelei!"

Kitambaa kile nilikifuma mimi.

"Kwenu haijawahi kugoma?" Paskalina akauliza.

"Iligoma vilevile. Tukaunda kamati," akajibu, akinyoosha tai.

Gari likasimama mbele ya ofisi yake, akashuka. Madirishani taipureta zilikuwa zikigongwa kwa bidii. Kamati, naona, bado inakaa.