Mke wa Bwana Xun

Benchi la Mama Jiao lilikuwa ubao mmoja wa msonobari uliolazwa juu ya mawe mawili, chini ya kibanda cha nyasi, pale njia ya sokoni inapokata kona kwenda darajani. Siku nyingine hupati pa kukaa. Asubuhi ile ya mvua walikuwepo wanaume watatu tu na mwenye chai yake, maana wenye pa kukimbilia walishafunga vifurushi wakakimbia. Du Mwewe, mkuu wa majambazi wa Mlima wa Mianzi Mikavu, alikuwa ametuma neno: adhuhuri ya leo anavuka daraja, na asipokuwepo wa kumzuia, mji wa Liukou utakuwa majivu kabla ya jua kuzama. Miaka kumi na mmoja aliyemzuia alikuwa Bwana Xun na upanga wake, na watu walilala milango wazi. Lakini masika yale Bwana Xun alimwoa Bibi Yanling, mjane aliyeteremka kwenye mashua na nguo nyeupe za msiba, na sasa mwezi wa pili ulikuwa unakwisha hakuna aliyemwona akitoka nje ya ua wake. Geng mnoaji, waliyemwita Cheche, alikaa ncha ya benchi, chai ikimpoa mkononi. Alikuwa na lake moyoni.

— Yule si mtu, nakwambieni, alisema Pang mvushaji, ambaye jina lake la kijiweni lilikuwa Kasia. — Ni mbweha. Mbweha wa miaka mia tano. Asubuhi anavaa ngozi ya mwanamke kama wewe unavyovaa suruali.

— Umeuona mkia?

— Mkia anaukalia, bwana wee! Umewahi kumwona akikaa bila kupanga kwanza mikunjo ya nguo?

Wei muuza dawa, yaani Mizizi, alitema majani ya chai pembeni.

— Mbweha wapi. Yule anakunywa pumzi. Mwanaume wa upanga nguvu zake ziko hapa, chini ya kitovu, kama maji ya kisima. Yeye analala karibu, anavuta kidogo kidogo. Ndiyo wahenga wakasema, haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo ni ya kujaza, Mizizi. Huyu anamaliza.

— Anamaliza kwa bwana, anajaza kwake yeye! We unadhani zinakwenda wapi?

Mama Jiao aliwamiminia tena.

— Mimi mtumishi wao wa jikoni aliniambia, alisema kwa sauti ya chini. — Kabla hajatoroka. Anasema bibi hamfokei mumewe hata siku moja. Anamlilia tu. Bwana akitaka kwenda kufanya mazoezi, analia. Akitaka kuonana na rafiki, anaumwa. Bwana akimuuliza umekasirika, anasema hapana, mimi ni nani hata nikasirike. Basi bwana anabaki. Jioni bibi anamshikia kikombe mpaka amalize.

— Kikombe cha nini? aliuliza Geng. Ndiyo kwanza alikuwa anafungua mdomo.

Mizizi aliinama kuangalia viatu vyake.

— Mvinyo labda, alisema. — Nitajuaje mimi?

— Mimi nasikia yule wa nyumbani ni kivuli, Kasia alidakia haraka. — Bwana Xun mwenyewe alishakufa zamani, yuko kwenye chupa, chupa iko chini ya mto. Juzi nikivusha nilisikia mtu anagonga chini ya mashua yangu. Koh, koh, koh. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Sasa hapo mwenyeji amepona nini?

— Ndiyo namna inavyosemwa!

Hakuna aliyecheka. Ng'ambo ya mto, juu kilimani, ngoma ililia mara moja ikanyamaza.

Wakati huo mtu mmoja alikuwa amekwishaingia kibandani. Alivaa joho la nyasi la mvua na kofia pana ya mianzi iliyomfunika hadi kidevu. Alikuja akishika nguzo, akashika meza, kisha akaketi mwisho wa benchi kama mzee aliyeamka kitandani baada ya homa ndefu. Aliomba maji ya moto. Kikombe alikishika kwa mikono miwili, bado kikagonga meno yake.

— Nimewasikiliza, alisema. — Mengi mnayajua. Basi niulize moja. Mlipoona yote haya, mbona hakuna aliyekuja kuniambia?

Akavua kofia.

Mashavu yalikuwa yameingia ndani na midomo ilikuwa na rangi ya majivu, lakini kovu la nyusi lilikuwa lilelile la Bwana Xun. Mama Jiao alipiga magoti kwenye tope.

Geng ndiye aliyeshindwa kunyamaza.

— Bwana wangu, mimi nilipunguza upanga wako. Bibi alikuja kwangu mwezi uliopita, akaniita mjomba. Aliniuliza habari za marehemu mke wangu; miaka sita hakuna aliyeniuliza. Akasema kifundo cha mkono kinakuuma lakini unaona haya kusema, kwa hiyo niukwangue chini ya mpini uwe mwepesi. Nikaukwangua. Pigo moja tu, utavunjika. Nilijua, bwana. Lakini alikuwa analia.

Mizizi naye, bila kuinua uso:

— Mizizi ya usingizi ilitoka kwangu. Alisema huwezi kulala.

— Barua zake nilipeleka mimi, alisema Kasia, na sauti yake kubwa yote ilikuwa imekwisha. — Nikipanda mto, kila siku ya soko. Alisema ni za mama yake mgonjwa. Mtu aliyezipokea alikuwa na alama ya Mwewe mkononi. Nikajifanya sikuiona.

Bwana Xun aliwatazama mmoja mmoja. Geng alisubiri tusi. Alilitamani hata.

— Na mimi nilikinywa kikombe, alisema Bwana Xun. — Niliijua ladha yake tangu wiki ya kwanza. Kwa hiyo Du ameandikiwa kwamba siwezi kuinuka kitandani. Vizuri. Nani atanishika nisimame darajani?

Ngoma ililia tena, safari hii haikunyamaza. Kasia alitazama mashua yake. Mizizi alisema ana watoto. Geng naye alikuwa na hofu kama ya kwao, ila miguu yake ilishasimama kabla hajaamua.

Walifika katikati ya daraja polepole. Bwana Xun alisimama wima mbele, upanga umening'inia kiunoni. Geng alisimama nyuma yake kama mtumishi, mkono wake wa kulia umepita chini ya joho la nyasi na kuushika mshipi wa bwana wake. Uzito wote wa mtu yule ulikuwa kwenye vidole vyake vitano. Farasi walitokea ukunguni, kumi, ishirini, akaacha kuhesabu. Mkojo ulimshuka mguuni wa moto, akamshukuru Mungu wa Mbingu kwa ile mvua.

Du Mwewe alisimamisha farasi mwanzo wa daraja. Alimtazama Bwana Xun muda mrefu.

— Nilisikia unaumwa, alisema.

— Umesikia kwa nani?

Nyuma ya Geng na bwana wake, kwenye ukingo wa mji, Bibi Yanling alikuwa amefika na mwavuli wa karatasi, nywele hazijafungwa, akihema.

— Mume wangu! Utalowa! Rudi nyumbani, mpenzi, unajua huwezi kusimama!

Geng alihisi mwili ule ukitetemeka na kuanza kugeuka kuifuata sauti. Aliukaza mshipi mpaka kucha zikauma.

— Bwana, alinong'ona. — Bwana, tazama mbele.

Bwana Xun akavuta pumzi.

— Du! aliita. — Mke wangu anakusalimu. Ndiye aliyenishauri tuandike kwamba naumwa. Alisema mkija wote pamoja, itakuwa kazi ya siku moja.

Uso wa Du haukubadilika, ila macho yake yalimpita Bwana Xun, yakaenda kutulia kwenye ule mwavuli. Yalikaa hapo. Kisha akatazama vichaka vya pande zote mbili za mto, kana kwamba kila jani lina mshale nyuma yake. Akageuza farasi. Wenzake wakageuza. Hawakukimbia, walikwenda taratibu, na mara mbili Du aligeuka kumtazama yule mwanamke.

Vidole vya Geng vilikuwa vimekufa ganzi. Alimlaza Bwana Xun chini, kichwa kwenye mapaja yake. Alikuwa hai, macho wazi, machozi yanachanganyika na mvua. Nguvu zake hazikurudi tena, si mwaka ule wala baadaye. Lakini siku ile mji ulibaki.

Bibi Yanling alikuja hadi pale akaketi kwenye mbao zilizolowa. Mwavuli ulimtoka ukachukuliwa na maji. Alitetemeka, na Geng aliona kwamba safari hii hakuwa anaigiza. Mlimani wangemchinja. Mjini, Mama Jiao alikuwa tayari anaokota jiwe.

— Mjomba Geng, alisema kwa sauti ndogo. — Nitakwenda wapi sasa?

Geng akainamisha kichwa haraka, akamkumbatia bwana wake kwa nguvu, kwa sababu alikuwa ameshafungua mdomo kumjibu: kwangu.