Kahawa Aliyompa Kanali: Maisha ya Mwalimu Projest Bagenda, 1957–2025

Mwalimu Projest Bagenda, ambaye baadhi ya waliokusanyika hapa walizoea kumwita Kanali, hakuwahi kuvaa gwanda isipokuwa lile la Jeshi la Kujenga Taifa, na hilo alilirudisha likiwa limefuliwa na kupigwa pasi. Alizaliwa tarehe 14 Mei 1957 huko Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Bagenda na Mama Prudencia, wakulima wa migomba na kahawa. Nyumba yao ilikuwa kando ya njia iendayo gulioni, haikukosa wageni. Mama Prudencia alikuwa na sheria moja: aliyevuka kizingiti haulizwi shida yake kabla hajapewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa. Siku moja aliingia jirani aliyegombana na Mzee Bagenda kuhusu mpaka wa shamba, amefura kwa hasira. Mama akafungua kifurushi cha ganda la mgomba, akampa kahawa kwa mikono miwili. Yule jirani akatafuna, kisha akaendelea kutukana, ila kwa sauti ya chini. Projest alikisimulia kisa hicho maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari ya Ihungo, Bukoba. Mwaka 1979 alijiunga na Chuo cha Ualimu Butimba, akaja kuipenda Mwanza kuliko alivyotarajia. Baadaye alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1988 katika elimu na historia.

Tarehe 5 Julai 1986, katika parokia ya Rubya, alifunga ndoa na Eugenia, mwalimu wa hisabati. Walijaliwa watoto wawili, Jonathan na Rose, na waliishi Mkuyuni, Mwanza, hadi walipojenga Bujora.

Alifundisha historia na uraia, na kuanzia mwaka 1990 hadi alipostaafu mwaka 2017 alikuwa mkufunzi Butimba. Kila uchaguzi ulipofika alisimamia kituo cha kura, kama walimu wengi. Waliofanya naye kazi wanakumbuka alivyohesabu. Aliinua kila karatasi juu, akaigeuza pande zote, na hakuishusha mpaka kila wakala wa chama atamke mwenyewe, "Nimeona." Mawakala walichoka, walinung'unika, mmoja alimwita mzee wa kuchelewesha. Hakuna aliyewahi kupinga matokeo ya kituo chake.

Kwa sababu ya sifa hiyo, mwaka 2021 asasi moja ilimwomba akafundishe wasimamizi wa vituo katika nchi moja ya Afrika Magharibi. Familia haitaji jina la nchi hiyo, kwa kuwa wapo watu huko wanaoweza kuumia. Alikwenda na sanduku la nguo na vifurushi vya kahawa ya Kamachumu alivyofungiwa na mkewe.

Machi 2022 wanajeshi walimpindua rais wa nchi hiyo. Mwalimu Bagenda hakuwa mtu wa kumlilia aliyepinduliwa. Alijua kwamba rais yule alibadili katiba ili aongeze muhula, na kwamba majina ya wafu yalijaa katika orodha ya wapiga kura. Aliyasema hayo wazi, ofisini kwa wakubwa, rais akiwa bado madarakani. Ndiyo maana hakuwacheka vijana waliomiminika barabarani kushangilia vifaru. Walikuwa na haki ya kuchoka. Kilichomuuma ni kwamba waliochoka kutosikilizwa walikuwa wanawashangilia watu ambao hawangeweza kuwauliza lolote.

Siku chache baadaye kanali mmoja alifika kwenye nyumba aliyopangiwa Mwalimu, akiwa na askari wenye bunduki na mpiga picha. Mwalimu alifanya kile ambacho mtoto yeyote wa Mama Prudencia angefanya. Aliwakaribisha viti, akafungua ganda la mgomba, akampa kanali kahawa kwa mikono miwili, huku akitabasamu kama anavyotabasamu mwenyeji. Mpiga picha akapiga. Hapo ndipo kanali alipotoa shida yake: Mwalimu aende kwenye televisheni, aseme kwamba uchaguzi hauwezekani katika nchi ile.

"Kasoro zipo," Mwalimu alimjibu, "na niliwaambia wakubwa wa uliyempindua. Nitazisema tena siku mkiitisha uchaguzi. Mbele ya bunduki sisemi."

Walimfungia ndani hadi Juni, akarejeshwa nyumbani. Wenzake wawili aliofundisha nao, wenyeji wa nchi ile, waliokataa kama yeye, walipelekwa gerezani. Picha ilitolewa ikiwa na maneno kwamba mtaalamu wa Afrika Mashariki ameupokea kwa furaha uongozi mpya.

Ilifika Mwanza kabla yake. Ilizunguka kwenye makundi ya simu, pamoja na kundi la walimu wastaafu, watu waliokula kwake. Hakuna hata mmoja aliyepiga simu kuuliza. Aliondolewa kimyakimya kwenye kamati ya wastaafu hao, aliyoitumikia kwa uaminifu. Mkuyuni, mtu mzima na akili zake alisimama wima kama askari, akapiga saluti, akasema, "Shikamoo, Kanali!"

"Marahaba, koplo," Mwalimu alijibu. "Rudi lindoni."

Watu walicheka naye akacheka. Nyumbani hakugusa chakula.

"Kwa nini uliwapa?" mkewe alimuuliza.

"Walikuwa wameingia, Eugenia."

"Wameingia na bunduki!"

"Ndiyo. Lakini wameingia."

Eugenia alitaka ukweli utangazwe siku hiyo hiyo. Mwalimu alikataa. Alisema kila neno ambalo angelitoa kujisafisha lingewarudia wale wawili gerezani. Basi akanyamaza, akijua vizuri ukimya wake unavyosomwa na majirani. Hao waliosema amenyamaza kwa sababu ana hatia wajue leo kwamba alinyamaza kwa sababu ana utu.

Kuhusu lake mwenyewe alinyamaza, lakini kuhusu mapinduzi aliongea na yeyote aliyetaka kuelewa. Rafiki yake Luhende, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mkuyuni, alimwambia, "Ah, Mwalimu, afadhali hao wanajeshi. Raia walikuwa wanakula tu!"

"Luhende, mlinzi wako akiona unaharibu mali ya duka, akakunyang'anya funguo, utamshangilia?"

"Nitamwambia anirudishie."

"Ana bunduki."

Luhende akafikiri. "Basi wa kwangu abaki na rungu."

Ndivyo alivyoeleza, bila makuu. Wanajeshi waliahidi kukaa miezi kumi na minane. Muda ulipofika wakasema usalama kwanza. Wakaitisha mjadala wa taifa, na wao wenyewe ndio waliowateua wajumbe. Redio zilizowashangilia zikafungwa pamoja na zilizowapinga. Nchi jirani zikafunga mipaka ili kuwaadhibu, na aliyeadhibiwa akawa mama wa sokoni, maana kanali hakukosa mchele. Mwalimu alikasirishwa na wote hao kwa pamoja, na watu waliotaka achague upande mmoja hawakumwelewa.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na shinikizo la damu, kisha figo zikadhoofika. Alitibiwa katika hospitali ya rufaa hapa Mwanza, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi. Januari mwaka huu zilimfikia habari kwamba wenzake wote wawili wameachiwa na wamevuka mpaka salama. Aliomba aketishwe kitandani. "Sasa tunaweza kusema," alimwambia mkewe. Walipanga aseme mwenyewe, akipata nafuu, mbele ya wale wale waliomsema. Nafuu haikuja. Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, asubuhi, mkewe akiwa kando yake. Kwa hiyo yanasemwa hapa, mbele ya jeneza lake, na mwanawe Jonathan anayasoma taratibu ili asiwepo wa kudai hakusikia.

Mwalimu Bagenda ameacha mjane, Eugenia. Watoto, Jonathan na Rose. Na wajukuu wanne, ambao watakwenda shule kesho kutwa wakiwa na jina Bagenda, na hawatainamisha kichwa wakiitwa.

Baada ya mazishi wote mnakaribishwa nyumbani, hapo ng'ambo ya migomba aliyoipanda. Kahawa ya Kamachumu ipo. Kila atakayevuka kizingiti atapewa kwa mikono miwili, pamoja na waliosambaza picha ile, na hataulizwa neno kabla hajatafuna. Mwenye simu na apige picha. Atakayeitazama ajue tu kwamba mgeni aliingia katika nyumba ya Bagenda, akapewa kahawa.

Mwalimu, yamesemwa. Pumzika sasa kwa amani.